Udongo wa Navakholo haujafa, una njaa

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapoingia, sisi wenyeji wa Navakholo huwa na jambo moja tunalolisubiri. Jua limekuwa likichoma tangu Desemba, vumbi limetanda juu ya majani ya migomba, na maji ya visima yameshuka. Kisha alasiri moja wingu zito hujikusanya, radi hunguruma, na matone ya kwanza huanguka juu ya ardhi iliyokauka. Hapo ndipo hutoka ile harufu ambayo kila aliyelelewa kijijini anaijua, harufu tamu ya udongo uliolowa. Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kukhu, alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko lake, akaivuta harufu ile puani, kisha akatuambia: "Ardhi imeamka. Kesho alfajiri twende shambani."

Kukhu hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Hata hivyo, hakungoja mvua ya pili wala ya tatu kama walivyofanya baadhi ya majirani. Mbegu zake zilikuwa zimekwisha kufukiwa ardhini wakati wengine wangali wakitafuta ng'ombe wa kulimia. Na mahindi yake daima yalikuwa ya kijani kibichi kuliko ya wenzake. Nilipokua na kwenda chuo cha ualimu niliihesabu tabia ile kuwa itikadi tu za wazee. Leo nakiri hadharani kwamba nilikosea, na makala haya ni namna yangu ya kulipa deni hilo.

Deni lenyewe, msomaji mpendwa, si kwa Kukhu peke yake. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha niliwapa wanafunzi zoezi la kutenganisha vitu vyenye uhai na visivyo na uhai. Kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliorodhesha jiwe, maji, chuma na hewa, lakini udongo akauweka upande wa vitu vyenye uhai. Nilimwita mbele, nikauchora msalaba mwekundu juu ya jibu lake, na darasa zima likacheka. Alijaribu kujitetea kwamba mama yake husema shamba lao limekufa, na kitu kisichokuwa na uhai hakiwezi kufa. Nilimwamuru akae. Sijui kijana yule yuko wapi siku hizi. Ninachokijua ni kwamba hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye kufikiri, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa hajui.

Hebu tuanze na lile lililo wazi. Ukichota udongo wa bustani kwa kijiko cha chai, umechota bakteria wanaokadiriwa kufika bilioni moja, wa maelfu ya aina. Juu yao kuna nyuzi za kuvu, yaani jamii ya ukungu na uyoga, nyuzi ambazo zikinyoshwa zinaweza kufika urefu wa mita nyingi katika kijiko hicho hicho. Kuna pia viumbe wengine wadogo wanaowala bakteria, na minyoo isiyoonekana kwa jicho. Hata ile harufu ya mvua ya kwanza ni kazi yao. Inatokana na kemikali iitwayo jeosimini, inayotengenezwa hasa na bakteria wa jamii ya Streptomyces. Jamii hiyo hiyo ndiyo iliyoupa ulimwengu dawa ya streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, na ambayo ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kuushinda ugonjwa wa kifua kikuu. Basi Kukhu aliposema ardhi imeamka, pua yake ilikuwa imepokea habari kutoka kwa viumbe hai.

Swali la pili ni hili: je, viumbe hao ni wale wale kila mahali? La, hasha. Navakholo si Lodwar, na Lodwar si Limuru. Mambo mawili makubwa ndiyo yanayoamua nani ataishi udongoni na atafanya kazi gani: hali ya hewa ya mahali, na mimea inayoota juu ya udongo huo. Mtaalamu Hans Jenny, katika kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu jinsi udongo unavyoumbika, aliyataja mambo matano yanayouunda udongo: tabia ya nchi, viumbe, umbo la ardhi, miamba mama, na wakati. Mambo hayo hayo ndiyo yanayowachagua wakazi wake wadogo.

Nianze na hali ya hewa, na hapa fahari ni yetu. Mojawapo ya ugunduzi mashuhuri sana katika elimu hii ulifanywa hapa hapa Kenya, pale Muguga karibu na Kikuyu, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lililojulikana kama EAAFRO. Mtafiti H. F. Birch alichukua udongo wa Afrika Mashariki, akaukausha, akaulowesha, akaukausha tena, akapima kilichotokea. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1958 alionyesha kwamba udongo uliokauka unapoloweshwa ghafla, hewa ya kabonidioksidi hufumka kutoka ndani yake kwa wingi, na pamoja nayo huachiliwa nitrojeni ambayo mimea inaweza kuitumia. Tena, kadiri ukavu ulivyodumu ndivyo mfumko ulivyokuwa mkubwa. Wanasayansi duniani kote hadi leo huliita jambo hilo kwa jina la Birch.

Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi siku hizi. Wakati wa kiangazi baadhi ya bakteria hufa, na wengine hujikunyata na kujihifadhi kama mbegu zinazosubiri. Mvua ya kwanza inapofika, wale walionusurika huamka na kukuta karamu: mizoga ya wenzao, pamoja na mabaki ya mimea ambayo ukavu umeyapasua na kuyaacha wazi. Hula, huzaana, hupumua, na katika kula huko huiachilia nitrojeni. Mambo hayo yote huanza baada ya saa chache tu na hutulia katika muda wa siku kadhaa.

Sasa mkumbuke Kukhu. Mwenye kupanda siku ya pili baada ya mvua ya kwanza anaiwekea mbegu yake nafasi katika karamu hiyo. Mwenye kuchelewa majuma matatu anakuta mvua za Aprili zimekwisha kuisukuma nitrojeni ile chini, mahali ambapo mizizi michanga haiwezi kufika. Katika kaunti yetu ya Kakamega, inayopata mvua ya takriban milimita 1,300 hadi 2,200 kwa mwaka, maji si haba kamwe. Kinachopotea ni kile ambacho maji hayo hukibeba. Kukhu hakumjua Birch, na Birch hakumjua Kukhu, lakini walikuwa wakilisema jambo moja kwa lugha mbili.

Joto nalo lina hukumu yake. Kwa ujumla, joto likiongezeka kwa nyuzi kumi, kasi ya viumbe wa udongo kuozesha huongezeka takriban maradufu, maadamu kuna unyevu. Ndiyo sababu udongo wa miteremko ya juu ya Mlima Kenya, penye baridi, ni mweusi kwa mboji isiyooza upesi, ilhali katika nchi ya joto na mvua kama yetu jani lililoanguka leo huenda lisionekane tena msimu ujao. Udongo wetu haulimbikizi akiba nyingi. Huishi kwa kupokea na kutumia. Ukisimamisha mapokezi, matumizi hayasimami.

Jirani zetu wa Tanzania wametupa mfano mzuri wa jambo hili. Katika miteremko ya Kilimanjaro, watafiti walilinganisha mazingira 11 tofauti, tangu nyika ya chini hadi juu kabisa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016. Waligundua kwamba mvua na matumizi ya ardhi ndiyo yanayoongoza kiasi cha viumbe wadogo na cha mboji udongoni. Mlima ni mmoja, lakini kila ukipanda unakuta umma mwingine wa wadudu wasioonekana.

Nakuja sasa kwenye mimea, na hapa ndipo penye maumivu yetu ya Navakholo.

Mmea si mlaji tu. Mchana kutwa majani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, na sehemu isiyo ndogo ya sukari hiyo hushushwa mizizini na kumiminwa udongoni. Mtu anaweza kudhani huo ni ufujaji, kumbe ni mshahara. Kuvu ziitwazo mikoriza hupokea sukari hiyo, nazo hueneza nyuzi zake mbali kuliko mizizi inavyoweza kufika, zikauletea mmea fosforasi na maji. Bakteria waitwao raizobia huingia ndani ya mizizi ya maharagwe, kunde na njugu, wakajenga vinundu, na humo huichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula. Mwanasayansi Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao mwaka 1888. Kila aina ya mmea ina washirika wake, na kila jani linaloanguka lina walaji wake. Jani la mkaratusi lina mafuta na tanini, nalo huoza polepole na kwa wachache. Jani la kunde ni laini na lina nitrojeni tele, nalo hushambuliwa na wengi. Kwa hiyo, anayebadilisha mimea juu ya ardhi amewabadilisha pia wakazi wa chini, apende asipende.

Mfano wa msonobari unatosha kulithibitisha hili. Wakoloni walipoileta misonobari ya kigeni katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, miche ilidumaa na kuwa ya manjano katika vitalu. Ilibidi udongo uchukuliwe kutoka mahali palipokuwa na misonobari iliyostawi na kuchanganywa na udongo wa vitalu. Kilichokosekana kilikuwa kuvu inayoshirikiana na mti huo, nayo haikuwapo katika ardhi yetu kwa kuwa mti wenyewe haukuwapo.

Mashariki mwetu kuna msitu wa Kakamega, uliowekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1933. Ni kipande cha mwisho nchini Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua unaofanana na ule wa Kongo. Ukiingia humo na kuyafukua majani yaliyoanguka, utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeyashika majani hayo kama uzi wa mshonaji. Mamia ya aina za miti huangusha majani ya kila namna, kwa nyakati tofauti, juu ya udongo wenye kivuli na unyevu wa kudumu. Chakula ni cha aina nyingi, na walaji nao ni wa aina nyingi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, wakishirikiana na Wakenya, walifanya jambo la busara sana katika mashamba yaliyo kandokando ya misitu ya Kakamega na Nandi. Waliyatafuta mashamba yaliyokatwa kutoka msituni katika miaka mbalimbali: mengine yalikuwa na miaka michache tu ya kulimwa, mengine takriban mia moja. Wakayalinganisha kama mtu anayezitazama picha za mtu mmoja tangu utotoni hadi uzeeni. Waliyoyaona yanahuzunisha. Mboji na mavuno hushuka kwa kasi katika miongo ya mwanzo, kisha hutulia chini kabisa, kama mgonjwa aliyezoea udhaifu wake. Lakini kuna habari njema pia. Mmoja wao, Mkenya Joseph Kimetu, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2008 matokeo ya majaribio waliyoyafanya katika mashamba hayo kwa kutumia majani mabichi ya tithonia, makaa yaliyosagwa na vumbi la mbao. Mashamba yaliyochakaa zaidi ndiyo yaliyonufaika zaidi. Udongo uliodhaniwa umekufa ulipopewa chakula ulisimama tena.

Sasa tugeuke tuiangalie Navakholo. Wazee wa Abanyala wanakumbuka mashamba yenye wimbi, mtama, njugu, kunde, viazi vitamu na ufuta, vikipokezana misimu kwa misimu, huku miti ya lusiola na musutsu ikiachwa katikati na mipakani. Kisha ukaja muwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, kingine kikafuata Kabras mnamo 1981, na sisi tulio katikati tukajikuta tumezungukwa na majani ya miwa kila upande. Sisemi kwamba muwa ni adui. Karo yangu ya shule ililipwa na muwa, na nyumba nyingi za mabati ziliezekwa kwa fedha zake. Nisingependa kuwa mtoto anayelitukana titi lililomlea.

Lakini tuseme ukweli. Baba yangu aliliweka shamba lote la nyanya chini ya muwa kwa zaidi ya miaka 20. Mmea mmoja, mzizi mmoja, jani moja. Kila baada ya kuvuna, machipukizi yakaachwa yakue tena, na majani makavu yakachomwa moto ili wakataji wapite kwa urahisi. Nilikuwa miongoni mwa vijana walioshika viberiti, na tulifurahia moshi ule kama mchezo. Hatukujua kwamba tulikuwa tukikichoma chakula cha mamilioni waliokuwa chini ya nyayo zetu, tukiurudisha hewani ule ukaa ambao ungekuwa mboji. Mbolea ikaletwa kwa magunia, ya aina moja mwaka baada ya mwaka, na udongo ukazidi kuwa mchachu.

Uchachu huo si jambo dogo. Mwaka 2006 Noah Fierer na Robert Jackson walichapisha uchunguzi wa udongo uliokusanywa kutoka Amerika ya Kaskazini na ya Kusini. Walitarajia pengine kwamba joto na mvua ndivyo vingeamua wingi wa aina za bakteria. Badala yake waliona kwamba uchachu wa udongo ndio uliotabiri vizuri zaidi: udongo usio mchachu ulikuwa na aina nyingi, na udongo mchachu wa msitu wa mvua wa Peru ulikuwa na aina chache. Mtu aweza kusema: basi hali ya hewa haina neno. Tusifanye haraka. Mvua nyingi ndiyo inayoosha chokaa ya asili na kuuacha udongo mchachu, na mimea na mbolea huongeza au kupunguza hapo. Hali ya hewa huingia kwa mlango wa nyuma. Kwetu Navakholo milango yote miwili imekuwa wazi.

Tulipoung'oa muwa hatimaye na kupanda mahindi, yalitoka ya manjano. Maharagwe yalipong'olewa yalikuwa na vinundu viwili vitatu, vingine vyeupe ndani kama mchele, dalili kwamba havikuwa vikifanya kazi. Fauka ya hayo likaja gugu lile la maua ya zambarau linaloitwa kayongo, linaloinyonya mizizi ya mahindi na kustawi hasa penye udongo uliochoka. Mama yangu alisimama kando ya shamba akasema maneno yale yale ya mama wa mwanafunzi wangu: "Hili shamba limekufa." Mwaka ule nilikumbuka msalaba wangu mwekundu, na sikulala vizuri.

Je, limekufa kweli? Nimeanza kuamini kwamba halijafa, bali lina njaa. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, mimea iliyochanganywa huurudisha umma wa udongoni. Huku magharibi mwa Kenya, kituo cha ICIPE kilichoko Mbita kimekuwa kikieneza tangu miaka ya 1990 kilimo cha sukuma-vuta, ambamo desmodium hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Mmea huo huwafukuza viwavi wa mabua, huzuia kayongo, na huongeza nitrojeni. Mwaka 2021, mtafiti wa Tanzania Aneth Mwakilili na wenzake walionyesha kwamba katika mashamba yaliyokaa miaka mingi chini ya mahindi na desmodium, jamii ya viumbe wa udongoni ilikuwa imebadilika ikilinganishwa na ile ya mahindi peke yake, na kuvu ndizo zilizobadilika zaidi. Mmea mmoja wa ziada, na taifa zima la chini likapata sura nyingine.

Pili, baadhi ya viumbe hao wanaweza kuwa askari wetu. Mtafiti wa Kenya Henry Sila Nzioki, akishirikiana na David Sands wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, aliitumia kuvu moja ya udongoni ya jamii ya Fusarium inayoishambulia kayongo bila kuyadhuru mahindi. Kuvu hiyo iliwafikia wakulima ikiwa juu ya vijiti vya kuchokolea meno, nao wakaikuza kwenye wali uliopikwa nyumbani na kuiweka ndani ya shimo pamoja na mbegu. Katika majaribio yaliyohusisha wakulima 500 wa magharibi mwa Kenya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha mavuno yakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 katika misimu yote miwili. Ni nani angedhani kwamba sufuria ya wali ingekuwa maabara?

Tatu, chakula cha udongo kimejaa njiani. Ile tithonia yenye maua ya manjano makali, tunayoiita maua malulu kwa uchungu wake, imeota kando ya kila ua. Watafiti waliofanya kazi Maseno katika miaka ya 1990 walipima majani yake na kuona kwamba, yakikaushwa, yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, pamoja na fosforasi na potasi. Tunaipita kila siku kwenda dukani kununua gunia.

Hapa lazima nijibu pingamizi moja ambalo ni la haki. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa kilimo, aliniambia kwamba mtu mwenye ekari moja na watoto sita hawezi kula bakteria. Anahitaji mbolea ya dukani msimu huu huu. Sina ubishi naye. Udongo wetu una upungufu wa fosforasi, na majani peke yake hayawezi kuijaza. Hata tithonia hubebwa kichwani, na anayeibeba aghalabu ni mwanamke ambaye tayari amebeba maji na kuni. Ninalolisema ni kwamba gunia la mbolea katika udongo wenye njaa ni kama dawa kwa mgonjwa asiyekula: hufanya kazi nusu, na nusu nyingine huondoka na maji kuelekea Nzoia. Mbolea na mboji ni mume na mke. Chokaa pale penye uchachu ndiyo mshenga wao.

Walimu wenzangu, jambo hili halihitaji maabara ya fedha nyingi. Chukueni vipande vitatu vya kitambaa cha pamba kilicho sawa. Zikeni kimoja chini ya mti wa zamani, kingine katika shamba la mahindi lililolimwa miaka mingi, cha tatu chini ya muwa. Vifukueni baada ya majuma manane. Pale ambapo kitambaa kimeliwa kikabaki nyuzi, pana uhai wenye shughuli. Pale kilipobaki kizima, pana njaa. Ng'oeni maharagwe yanapoanza kuchanua, muyaoshe mizizi taratibu, mhesabu vinundu, kisha mvikate kwa wembe. Kinundu chenye wekundu ndani kinafanya kazi. Mkikuta vichache na vyeupe, wafundisheni wanafunzi kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kazi ya kuwakuza raizobia kule Kabete tangu miaka ya 1970, na kwamba kazi hiyo ndiyo iliyozaa Biofix, inayopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda.

Nanyi wanafunzi, msichoke kuuliza. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha ramani ya bakteria wa udongo baada ya kuchunguza maeneo 237 katika mabara sita. Waligundua kwamba asilimia 2 tu ya aina walizozipata ndizo zilizofanya karibu nusu ya umma wote. Wengi wa hao walio wachache hawajapewa hata jina. Bara letu ni miongoni mwa yaliyochunguzwa kidogo zaidi. Kijana wa Navakholo anayetaka kugundua kitu kipya hana haja ya kupanda ndege. Aliye na jembe na hadubini amekwisha kufika.

Nakaribia kumaliza, na ningependa kurudi nyumbani. Msimu uliopita ndugu yangu mdogo alitaka shamba la Kukhu lirudishwe chini ya muwa, kwa kuwa bei ilikuwa imemvutia. Dada yetu alitaka tupande mikaratusi tuuze nguzo. Tulikaa chini ya mti wa lusiola aliouacha Kukhu mwenyewe, tukajadiliana mpaka jua likatua. Haikuwa rahisi, kwa kuwa kila mmoja ana watoto, na sayansi hailipi karo ya muhula ujao. Mwishowe tulikubaliana kwamba ndugu yangu achukue nusu kwa muwa, kwa sharti kwamba majani hayatachomwa bali yatapangwa kati ya mistari yaoze. Nusu iliyobaki ni ya mahindi, maharagwe na desmodium, na tithonia itakatwa uani.

Mwezi wa Machi mvua ya kwanza ilipoanguka, mama yangu, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alitoka mlangoni akasimama pale pale aliposimama mamake mkwe. Alivuta hewa puani. Hakusema neno. Alfajiri nilimkuta tayari ameketi kando ya shamba na mbegu mapajani, akitusubiri.

Na kama yule kijana wa kiti cha nyuma anaisoma safu hii, popote alipo, namwomba anisamehe. Jibu lake lilikuwa sahihi.